Uzi maalumu wa mvule: namna ya kuutambua, na kwa nini vitabu vinaupa majina tofauti

MtuWaRondo

Wakuu, salaam.

Kule jukwaa la biashara kuna uzi wa bei za mbao umeshageuka uwanja wa matusi. Mmoja anasema mvule ni Chlorophora, mwenzake anamwita mwongo, ni Milicia. Wa tatu ana mti shambani kwake Nyangao, kaambiwa si mvule kwa kuwa tangu enzi za babu yake haujawahi kuzaa hata tunda moja. Nimeona mvule upewe uzi wake. Nimefanya kazi ya misitu Lindi mpaka nikastaafu, na huu ndio mti nilioutazama kuliko yote.

Tuanze na ukoo. Mvule umo kwenye familia ya Moraceae, oda ya Rosales. Ndugu zake mnawajua: mforsadi, mfenesi, mshelisheli, mkuyu. Alama ya ukoo mzima ni utomvu mweupe. Chonga gome kwa ncha ya panga, subiri kidogo, maziwa yatachuruzika. Mninga nao unatoa utomvu, ila mwekundu. Mkongo hautoi maziwa kabisa. Kwa hiyo kabla hujabishana na mtu kuhusu rangi ya mbao, anza na gome.

Ndani ya familia hiyo kuna jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) iitwayo Milicia, nayo ina spishi mbili tu, zote za Afrika. Milicia excelsa imeenea kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia, ikashuka hadi Angola na Msumbiji. Milicia regia haivuki nje ya Afrika Magharibi, ni ya kuanzia Senegal hadi Ghana. Mtu wa Lindi au Mtwara akishajua kwamba mti ni Milicia, kazi imekwisha: ni excelsa.

Umbo lake. Ni mti mkubwa, unaweza kufika mita 50 ukiupa msitu mzuri. Shina limenyooka, la mviringo, na mara nyingi hukuti tawi mpaka mita 20 kwenda juu. Pale chini mizizi imetuna kidogo tu, haina yale mabapa marefu yanayosimama kama kuta. Gome la mti mzee ni la kijivu kinachoelekea weusi, linabanduka vipande vidogo vidogo. Ndani ya gome ni rangi ya maziwa yaliyoganda, lina madoa ya kahawia. Majani hupukutika wakati wa kiangazi.

Jani ndilo linalosema kweli. La mti mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 20, umbo la yai refu, ncha fupi iliyochongoka, ukingo laini usio na meno. Kitako chake mara nyingi hakilingani, upande mmoja umeshuka kuliko mwenziwe. Sasa ligeuze. Utaona mshipa mkuu katikati, na kutoka hapo mishipa ya pembeni imetoka jozi kwa jozi, imekwenda sambamba hadi karibu na ukingo. Hesabu hizo jozi. Zikiwa kati ya 10 na 22 uko kwenye excelsa. Regia inazo chache zaidi, na hiyo ni mojawapo ya njia wanazotumia wenzetu wa Ghana kuzitenganisha. Mishipa imetuna upande wa chini kiasi kwamba ukipitisha ukucha unaisikia. Kati ya mishipa kuna wavu wa vishipa vidogo na vinyweleo vifupi sana, hivyo vinahitaji lenzi au kamera nzuri ya simu.

Maua nitayaeleza akijitokeza mwenye mti wa Nyangao. Najua yumo humu.

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Nimo mzee, shikamoo. Mti ni wangu. Maziwa unatoa, jani ni hilohilo ulilolieleza, nimetoka kulihesabu sasa hivi nikapata jozi 15. Ila kuzaa hauzai. Jirani yangu anao wa kwake, ule kila mwaka chini kumejaa vitu vya kijani kama viwavi vinene. Pale kijijini wameshaniambia wangu una jini, nisilale chini yake.

MtuWaRondo

Marahaba mjomba. Kulala chini yake lala, ila angalia matawi makavu.

Mti wako ni dume. Mvule una jinsia mbili kwenye miti miwili tofauti: kuna mti wa maua ya kiume tu na mti wa maua ya kike tu. Mpapai unaujua, ule usiozaa unaotoa maua mengi ya kuning'inia, basi habari ni hiyohiyo.

Nenda ukautazame pale unapoanza kuchipua majani mapya, maana maua hutoka wakati huo. Utaona nyuzi nyeupe zinaning'inia kwenye vitawi vichanga, nyembamba, urefu wa sentimita 10, 15, hata 20. Kila uzi ni mamia ya maua madogo yaliyobanana. Chukua moja uliweke kwenye kiganja: lina vipande vinne vya nje na stameni nne, yaani vijiti vinavyobeba chavua. Kabla ua halijafunguka zile stameni zimekunjwa kwenda ndani. Likikomaa zinafyatuka kwa nguvu na kurusha chavua hewani, upepo unaibeba. Ukiangalia asubuhi jua linapoanza kukolea unaweza kuona kama vumbi linatoka. Wiki chache baadaye nyuzi zote zimeanguka, zimekauka, zimegeuka kahawia, watu wanazifagia wanasema ni takataka.

Jike la jirani linatoa kishada kifupi na kinene cha kijani, kimesimama kwenye tawi, na juu yake kuna vinywele vingi. Vile vinywele ni sehemu za ua zinazopokea chavua. Kikishatungwa mimba kinavimba, kinakuwa laini, hicho ndicho ulichokiita kiwavi. Kwa kibotania si tunda moja, ni matunda mengi madogo yaliyoungana kwenye mhimili mmoja, sawa na lile la mforsadi. Ndani yake mbegu ni ndogo mno, milimita mbili tatu. Popo wa matunda wanaupenda mvule kupita kiasi. Wanakula huku wanaruka, mbegu zinaangukia mbali na mama. Ndiyo maana unakuta mche wa mvule umeota katikati ya shamba la mihogo na hujui umetoka wapi.

Kwa hiyo jirani anavuna mbegu kwa hisani ya chavua ya mti wako. Mdai ada.

Fundi_Chikongola

Hapo kwenye ada nimecheka.

Mimi ni seremala Mtwara mjini, niongeze upande wa mbao. Mvule ukipasuliwa mbichi kiini chake ni cha manjano, mteja akiona anadhani umemletea mti mwingine. Uache juani na hewani, unageuka kahawia ya dhahabu, na miaka ikienda unakuwa kahawia iliyoiva. Mbao ya nje karibu na gome ni nyeupe, hiyo ikatae, wadudu wanaila. Kiini hakiliwi na mchwa kirahisi, na hakichezi sana ukishakikausha vizuri, ndiyo maana milango na madirisha ya zamani hapa pwani ukiigusa bado imekaza.

Ukitaka kujua kwa macho, kata kichwa cha ubao kwa kisu kikali, ulowanishe, uangalie. Mvule una vitundu vikubwa vinavyoonekana, na kila kitundu kimezungukwa na rangi nyepesi inayotokeza mabawa pembeni. Mabawa yakikutana yanafanya mistari mifupi ya mawimbi. Wanaouza mbao za bei poa wanazipaka oili chafu ili zifanane na mvule, lakini kichwa cha ubao hakidanganyi.

Halafu kuna ile kero. Unapasua ubao safi kabisa, mara msumeno unalia, meno yote yameisha. Jiwe. Jiwe kabisa, ndani ya mti, wala hakuna msumari wala risasi. Bwana miti utueleze, limeingiaje?

Na vumbi lake livalieni barakoa. Mimi ngozi inaniwasha nikipiga randa mvule bila mikono mirefu, na kuna fundi mwenzangu alilazimika kuacha kuufanyia kazi kwa sababu ya kifua.

MtuWaRondo

Fundi, kuhusu vumbi upo sahihi, mvule unajulikana kusababisha pumu na muwasho kwa maseremala. Barakoa si urembo.

Jiwe halikuingia, limetengenezwa na mti wenyewe. Mvule unakusanya oksaleti ya kalsiamu kwenye tishu zake. Bakteria na kuvu kwenye udongo na kwenye mbao zilizoumia wanaivunja oksaleti, na mwisho wake ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ileile ya mawe yetu ya Mikindani. Mara nyingi utaikuta pale mti ulipowahi kujeruhiwa, tawi lilipovunjika au moto ulipouunguza. Watafiti wameona hata udongo chini ya mivule mikubwa ya Afrika Magharibi umepungua tindikali na kuongezeka chokaa, wakati ardhi ya jirani yake haina. Kwa hiyo ukinunua gogo, zunguka ukague makovu ya zamani, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi napo.

Nasoma_Misitu

Shikamoo mzee. Niko Morogoro nasoma misitu, kwetu Masasi. Naomba niseme kuhusu lile ugomvi la jina, kwa sababu kila mtu kule alikuwa na kitabu chake mkononi.

Aliyeuandika mti huu kwanza kisayansi ni Friedrich Welwitsch, Mwaustria aliyekusanya mimea Angola. Mwaka 1869 aliuita Morus excelsa, yaani aliuweka kwenye jenasi ya mforsadi. Ukiangalia tunda huwezi kumlaumu. Baadaye George Bentham, Mwingereza, akauona haukai vizuri na mforsadi, mwaka 1880 akauhamishia Chlorophora. Hapo ukakaa miaka mia na zaidi kidogo, ndiyo maana vitabu vyote vya misitu vya wakoloni na vile vya miaka ya sabini vinasema Chlorophora excelsa. Mwaka 1982 Cornelis Berg, mtaalamu wa Kiholanzi wa familia hii, akauweka Milicia.

Mbishi_wa_Magomeni

Ndiyo yaleyale. Mzungu anaamka asubuhi anabadilisha jina, sisi tunakariri upya. Mti haujasogea hata hatua moja. Wamwera na Wamakonde wameuita kwa majina yao vizazi na vizazi hawajafanya mkutano.

Nasoma_Misitu

Kaka, hakuamka tu. Kuna sheria, na kwa kesi hii ni nzuri sana ukiifuatilia.

Jina la jenasi limefungwa kwenye spishi moja ya kigezo. Popote spishi hiyo inapokwenda, jina linakwenda nayo. Chlorophora iliundwa na Mfaransa Gaudichaud mwaka 1830 juu ya mti wa Amerika uliokuwa ukitumika kutia nguo rangi ya manjano, ule ambao Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo wa majina haya, aliuita Morus tinctoria mwaka 1753. Wataalamu walipokuja kuona kwamba mti ule wa Amerika ni wa jenasi Maclura, na Maclura ni jina la mwaka 1818, la zamani zaidi, Chlorophora ikamezwa. Sasa mvule wetu haufanani na Maclura kiasi cha kwenda nao. Ukabaki hauna jenasi.

Wakatafuta: je, kuna mtu aliwahi kuupa mti huu wa Afrika jenasi yake mwenyewe? Yupo. Thomas Sim, mwaka 1909, kwenye kitabu chake cha misitu ya Msumbiji, aliuandika upya bila kujua ni uleule wa Angola, akauita Milicia africana. Kwa hiyo jenasi Milicia ikafufuliwa. Lakini africana haikuweza kusimama, kwa sababu excelsa ya 1869 iliitangulia kwa miaka 40. Ukichukua jenasi ya Sim na jina la spishi la Welwitsch unapata Milicia excelsa. Nusu ya jina imetoka Angola, nusu imetoka kwa majirani zetu ng'ambo ya Ruvuma.

Hivyo kwenye ule uzi wa bei za mbao wote walikuwa wanataja mti mmoja. Wa Chlorophora anasoma kitabu cha kabla ya 1982, basi.

Mbishi_wa_Magomeni

Sawa, hiyo nimeielewa, na sikutegemea. Lakini bado nina hoja. Vitabu vinasema mvule ni mti wa msitu wa mvua. Lindi kuna msitu wa mvua? Hapa kwetu miezi kadhaa hata tone hulioni. Nendeni Kongo.

MtuWaRondo

Mbishi, hoja yako ina uzito, ngoja niipe nafasi.

Mvule hauhitaji kivuli cha Kongo. Ni mti unaopenda mwanga. Mche wake haukui chini ya msitu uliofunga, unangoja mti mkubwa uanguke au shamba liachwe. Kwa hiyo unautawala ukingo, pale msitu mnene unapokutana na ule mkavu, na misitu yetu ya pwani ni ya namna hiyo hasa. Rondo, nyanda zetu za juu mkoani Lindi, inapanda karibu mita 900 juu ya bahari, inapokea upepo kutoka baharini, ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi. Ukitoka Mtama kwenye joto ukapanda juu kule unatafuta koti. Ndipo mivule ilipokuwa mikubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni ya Steel Brothers ya Uingereza ilifunga viwanda vya mbao kulekule juu kwa ajili ya mti huu. Unachokiona Rondo leo ni mabaki na machipukizi, na pembeni mashamba ya misonobari na mitiki. Sehemu ya msitu wenyewe sasa ni hifadhi ya mazingira asilia.

Na usiidharau Lindi kwa mimea. Mwaka 1934 na 1935 Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alikusanya mimea eneo la Ziwa Lutamba, magharibi ya Lindi mjini, na kwenye nyanda za juu za kwetu. Ukiona mmea wa Kusini unaitwa schliebenii, umetoka mikononi mwake. Seti kuu ya sampuli zake ilikwenda Berlin, na hebaria ya Berlin, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ikaungua kwa mabomu Machi 1943. Kilichowaokoa wataalamu ni kwamba alikuwa akikusanya nakala kadhaa za kila mmea na kuzisambaza miji mingine. Rondo pia ndiko kulikompa jina komba mdogo kuliko wote, hafiki hata gramu 100, alielezwa kisayansi miaka ya tisini.

Kuna na Karomia gigas, wa familia ya Lamiaceae, ukoo wa mtiki. Ulikusanywa Kenya mwaka 1977, mti ule ukakatwa, watu wakasema umetoweka duniani. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena Tanzania, huku huku Kusini, miti ya kuhesabu. Mbegu zake zilipelekwa mpaka bustani ya Missouri, Marekani, kujaribu kuotesha. Sasa fikiria ni mingapi imepasuliwa kuwa mbao na hakuna aliyechukua hata tawi lenye ua.

Hilo ndilo ninalowaomba vijana. Ukikuta mti usioujua, usiishie kupiga picha ya shina kutoka mbali. Kata kitawi chenye majani na ua au tunda, kilaze kwenye gazeti, kigandamize kwa mawe, badilisha gazeti kila siku mpaka kikauke. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya utomvu, jina la kienyeji na nani kakuambia jina hilo. Rangi ya ua andika palepale, ikikauka inapotea. Hebaria ya Taifa iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo yao. Wamwera na Wamakonde wana majina, kweli kabisa, na lebo ya sampuli ina nafasi yake.

Mche_Newala

Shikamoo baba. Nina kitalu Newala, nilikuwa nasoma tu kimya ila sasa nimefika mahali nakwama. Miche yangu niliyootesha ina majani yenye meno pembeni, tena yanakwaruza mkono. Wewe umesema ukingo laini. Mteja mmoja wa Tandahimba amekataa kuichukua, kasema nimemtapeli. Mbegu niliokota mwenyewe chini ya mvule. Halafu nyingine zina vivimbe kwenye ncha, kama njegere za kijani, baadaye vinapasuka na ncha inaoza.

MtuWaRondo

Marahaba mwanangu. Hujamtapeli mtu. Jani la mche wa mvule lina meno na linakwaruza, la mti mzima ni laini. Mti ukikua unaacha meno. Hata kwenye mti mkubwa, chipukizi linalotoka kwenye kisiki huwa na majani yenye meno. Mwambie mteja achane kipande cha jani: maziwa yatamtoka vidoleni. Kisha ahesabu mishipa.

Hivyo vivimbe ndivyo vimewashinda watu wa misitu Afrika nzima kupanda shamba la mvule mtupu. Ni kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, jenasi Phytolyma. Jike linataga kwenye chipukizi changa. Kitoto kikitoka kinatoboa kuingia ndani, tishu ya mti inavimba kukizunguka, kinakulia humo kikila. Kikikomaa kivimbe kinapasuka, kinaruka, na kuvu wanaingia kwenye kidonda, ncha inakufa. Mche unachipua upya pembeni, kinarudi. Ndiyo unapata kichaka badala ya mti.

Kata ncha zote zenye vivimbe kabla havijapasuka, uzichome. Weka miche chini ya kivuli chepesi, usiianike juani yote kwa pamoja. Shambani usipange mvule mtupu. Changanya na miti mingine, mmoja mmoja, mbalimbali, kidudu kihangaike kuutafuta. Ukivuka urefu wa mtu mara mbili tatu hatari inapungua sana.

Fundi_Chikongola

Kwenye mikorosho unakaa?

MtuWaRondo

Mpakani mwa shamba unakaa. Katikati ya mikorosho hapana, utakuja kuifunika.

Korosho_Daraja_la_Kwanza

Mama wa Newala, miche uliyokataliwa na mtu wa Tandahimba naichukua mimi. Nataka mpakani, upande wa barabara. Mzee, nitajuaje jike ili nami niache kumlishia jirani?

MtuWaRondo

Kwenye mche hujui, mpaka utoe maua, na hapo utakuwa na wajukuu. Panda kadhaa, zitachanganyika zenyewe.

Mche_Newala

Ninayo mizima 20 isiyo na vivimbe. Ipo kwenye viriba, nitaipakia basi la kupitia Masasi kwenda Lindi, wewe uipokee pale kituoni Nyangao. Ila usiipande sasa, subiri mvua ishike. Njoo PM tupange bei, na ya mteja aliyenikatalia sitaipunguza.